Kazi ya Uzeeni Iwe Ziada: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako na nimeirudia kuisoma, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili uliyoyaandika kana kwamba ni moja. Umeniuliza kama pensheni yangu hainitoshi, kwa kuwa unaona bado nakwenda kazini asubuhi ilhali nilikwisha kustaafu. Kisha ukasema kwamba, ikiwa watu wa siku hizi watafanya kazi hadi miaka 70, huoni sababu ya wewe mwenye miaka 34 kujinyima leo ili kuongeza akiba ya uzeeni. La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Pensheni yangu inatosha chakula, nyumba, dawa na bili. Kazi ninayoifanya sasa, ya kuwaelekeza wahasibu vijana namna ya kufunga hesabu za mwezi, inalipia mengine, na naifanya kwa moyo mkunjufu. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, na kifungu cha mwisho kinasema kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Nilikisoma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi wala hakikunisumbua, maana mkataba ukivunjwa kesho nitapunguza matumizi ya kupenda, lakini nitaendelea kula na kulala pale pale. Kama mshahara huo ungekuwa ndio tegemeo langu, maneno hayo machache yangeninyima usingizi.

Hapo ndipo tunapotofautiana. Wewe unaiweka kazi ya uzeeni ndani ya mpango wako, nami nakuomba uiweke nje yake, iwe ziada ikipatikana. Kazi ya namna hii haikomi siku uliyoipanga: hukoma mwajiri anapopunguza wafanyakazi, macho yanapofifia, mgongo unapokataa kukaa kitini kutwa nzima, au mwenza anapougua na kuhitaji mtu wa kumuuguza. Tena mtu wa miaka 60 anapopoteza kazi hutafuta nyingine kwa taabu kuliko wa miaka 30, hata akiwa na ujuzi mwingi zaidi. Ninawafahamu watu wa rika langu waliokusudia kuendelea kwa miaka mingi, wakaacha mapema kwa sababu ya maradhi, yao wenyewe au ya jamaa zao, na hakuna hata mmoja aliyeacha kwa uvivu.

Waliotunga sheria za mwanzo za pensheni walilifahamu jambo hili vizuri. Ujerumani ilipopitisha sheria yake mwaka 1889, umri wa kupata pensheni ya uzee uliwekwa kuwa miaka 70, na ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Umri huo unatajwa mara nyingi, lakini kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyo hiyo ilimlipa pia mfanyakazi ambaye mwili wake ulishindwa kazi kabla ya kuufikia. Kwa hiyo ukisikia serikali fulani imepandisha umri wa kustaafu, elewa kwamba imesogeza mbele siku ya malipo kuanza; haikukuahidi kazi wala afya ya kukufikisha siku hiyo. Naona watu wengi, tena wasomi, wanayachanganya mambo haya mawili, na ndivyo ulivyofanya wewe katika barua yako.

Sikatai kwamba anayeweza kuendelea kidogo hufaidika sana. Kila mwaka wa ziada kazini huongeza michango, huiacha akiba ikue bila kuguswa, na hupunguza miaka ambayo akiba hiyo italazimika kukulisha. Marekani inaonyesha wazi: aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata pensheni kamili ya hifadhi ya jamii akiwa na miaka 67, akianza kuichukua akiwa na miaka 62 hukatwa asilimia 30, na akisubiri hadi miaka 70 huongezewa asilimia 24. Pale ambapo pensheni kamili ingekuwa 1,000 kwa mwezi, wa kwanza hupata 700 na wa pili 1,240, tena kwa maisha yake yote. Lakini jiulize ni nani anayeweza kusubiri hadi 70. Ni yule ambaye, kazi ikimwishia akiwa na miaka 63, ana akiba ya kumvusha miaka saba iliyobaki. Asiye nayo hulazimika kuchukua pensheni iliyopunguzwa, na upungufu huo humfuata hadi mwisho. Kwa hiyo hata faida ya kuchelewa kustaafu, ambayo ndiyo unayoitegemea, hununuliwa kwa akiba iliyowekwa mapema.

Umri wako wa leo una uzito kuliko unavyodhani. Chukulia kwamba akiba yako inakua kwa asilimia 4 kwa mwaka, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Kwa kasi hiyo, fedha hujirudufu kila baada ya miaka 18 hivi. Kiasi utakachoweka mwaka huu kitakuwa kimejirudufu mara mbili utakapofika miaka 70, yaani kitakuwa mara nne ya ulichoweka. Ukikiweka ukiwa na miaka 52, kitakuwa mara mbili tu. Ukichelewa, utahitaji kuweka kiasi maradufu ili kufika mahali pale pale, na hayo yatakuwa yakitakiwa wakati una karo za watoto na pengine wazazi wa kutunza.

Jambo jingine ni mfumuko wa bei, ambao mstaafu huuhisi kuliko mtu yeyote kwa sababu hana nyongeza ya mshahara ya kuufukuzia. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 pensheni isiyobadilika hununua nusu tu ya ilichokuwa ikinunua mwanzoni. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza kuhusu pensheni yoyote ni kama hupandishwa kadiri bei zinavyopanda, na kwa kanuni gani. Kiasi cha kuanzia huja baada ya hapo.

Kuhusu kiinua mgongo, uliandika kwa furaha kwamba mwajiri wako hulipa kingi. Tukichukulia kwamba kitakuwa sawa na mishahara ya miezi 60, siku ya kukipokea kitaonekana kama utajiri. Ukikigawa kwa miaka 20 ya kustaafu, yaani miezi 240, ni robo ya mshahara kwa mwezi, kabla ya kuhesabu faida yoyote. Kwa hiyo kitazame kama mshahara uliolipwa kwa mkupuo, na usikiingize chote katika biashara ambayo hujawahi kuifanya.

Ukifika wakati wa kufanya kazi baada ya kustaafu, uliza mapema kama pensheni yako itapunguzwa kwa sababu unalipwa mshahara, kwa kuwa zipo nchi zinazofanya hivyo kwa waliostaafu kabla ya umri kamili. Uliza pia kodi.

Sasa nina ombi. Omba taarifa ya michango yako kutoka katika mfuko, kisha uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Makato kuonekana katika hati ya mshahara hakuthibitishi kwamba fedha zilifika kwenye mfuko. Nimefanya kazi ya hesabu kwa muda wa kutosha kujua kwamba pengo la miezi michache ni rahisi kudaiwa leo, na ni vigumu mno baada ya miaka 30 wakati kampuni imebadilisha mmiliki au imefungwa. Angalia pia tarehe yako ya kuzaliwa, tahajia ya jina lako, na nani ameandikwa kuwa mnufaika, kwa sababu nadhani ulijaza fomu hiyo kabla hujaoa.

Nitumie nakala ya taarifa hiyo pamoja na hati za miezi kumi na miwili iliyopita. Nitazipitia kwa makini, kisha tutakaa tupange ni asilimia ngapi ya mshahara unaweza kuongeza bila kuiumiza nyumba yako.

Msalimie mkeo na watoto.

Mama yako