Breki ya ngoma: usikimbilie kukaza nati

Anayeendesha pikipiki ya zamani huku Moshi hana budi kuijua breki yake ya mbele. Barabara ya Kibosho ni mteremko hadi mjini, ya Machame hivyohivyo, na kutoka Marangu kwenda Himo ndiyo usiseme. Yangu ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, yenye ngoma mbele inayovutwa kwa waya. Wengi wanazilaumu breki hizi, na mimi nazitetea kwa moyo wote: nyingi hazijawahi kurekebishwa, zimekazwa nati ya waya tu.

Kabla ya nati, tazama pembe. Mwombe mtu abane breki kwa nguvu, nawe uchuchumae pembeni uangalie pale waya unaposhika ule mkono mfupi wa chuma kwenye ngoma. Breki ikiwa imeshika, waya na mkono huo vinatakiwa kufanya nyuzi 90 hivi, au pungufu kidogo. Hapo ndipo nguvu ya vidole vyako inafika yote. Pembe ikishapita 90, unabana zaidi na breki inashika kidogo. Nilipoinunua CG yangu breki shuu, yaani vile vipande vya ndani vinavyosugua ngoma, zilikuwa nene kabisa, lakini breki ilikuwa hovyo. Aliyeifungua kabla yangu alirudisha ule mkono jino moja nje ya mahali pake kwenye shafti. Niliusogeza jino hilo moja tu, na pikipiki ikaanza kusimama.

Sasa sikiliza vizuri, maana dawa hiyohiyo inaweza kukuua. Kama pembe imepita kwa sababu breki shuu zimelika, usihamishe jino. Utapata pembe nzuri kwa nje, huku ndani kemu, kile chuma kinachozitanua shuu, inazidi kugeuka kupita kiasi, na siku moja inaweza kukwama na kufunga gurudumu ukiwa mteremkoni. Fungua ngoma uone kwa macho. Shuu zikibaki na milimita 2 za ule utando mgumu unaosugua ngoma, nunua mpya. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Jambo la pili ambalo mafundi wengi wanaliruka ni kuziweka shuu katikati ya ngoma. Legeza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, kisha bana breki kwa nguvu ghafla. Usiachie. Breki ikiwa bado imebanwa, kaza nati ya ekseli. Ukiwa peke yako, funga mkono wa breki, ule unaoubana kwa vidole, kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tyubu, kinashika vizuri kuliko kamba. Shuu zote mbili zikigusa ngoma sawasawa, ule ulaini wa kama kubana sponji unapungua sana.

Waya wenyewe ukague pale kwenye kichwa chake cha risasi: uzi mmoja ukikatika, badilisha wote. Vumbi la njia ya Boma Ng'ombe linaukausha upesi, kwa hiyo utundike wima na kuudondoshea oili hadi itokee chini.

Nati sasa. Ile ya juu, kwenye usukani, irudishe ndani yote, rekebisha kwa ya chini, ili ya juu ikusaidie ukiwa safarini. Acha ncha ya mkono wa breki icheze milimita 20 hadi 30 kabla shuu hazijagusa. Geuza usukani kulia na kushoto. Breki ikijishika yenyewe, waya umepita njia mbaya.

Kazi hii ifanye ngoma ikiwa baridi. Ukitoka mteremko mrefu utakuta mkono wa breki umeshuka, kwa sababu ngoma ikipata moto inatanuka na kuziacha shuu mbali. Ukikaza wakati huo, ikipoa itasinyaa na shuu zitaburuza.

Jaribu kwanza pahali tambarare, kilomita chache bila kutumia breki ya mbele, kisha sogeza kiganja karibu na ngoma. Ukisikia joto, legeza nati ya chini nusu mzunguko, uende tena.