Foleni ya Tunduma na mashimo 32

Kwa asiyeendesha lori: kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na njia yote hiyo, kona za Kitonga zikiwemo, hainichoshi kama kilomita chache za mwisho. Hapo ndipo foleni inapokukuta. Unasogea urefu wa gari mbili, unazima injini, unashuka kunyoosha miguu, unarudi, gari la mbele liko pale pale. Kuna safari moja nililala siku nne mbele ya bango lile lile la mama ntilie, hadi leo nakumbuka kwamba "chapati" aliandika kwa "t" mbili.

Dawa yangu ya foleni ilikuwa simu. Nilikuwa nabeti. Mkeka wangu wa kwanza uliotiki, yaani orodha ya mechi nilizobashiri zikatokea zote, niliweka elfu mbili, nikapata elfu arobaini na moja, nikawanunulia jamaa wa foleni chai na chapati zile zenye "t" mbili. Tangu siku hiyo posho ya njiani ikawa haifiki njiani. Mikeka ikachanika mmoja baada ya mwingine, na mke wangu aliupata ukweli siku nilipompigia kumwomba anitumie hela ya kula, mimi niliyeondoka nyumbani na hela ya safari nzima.

Watu walinishauri niwe na subira. Subira yavuta heri nimeisoma kwenye kanga za mama yangu tangu sijaanza shule. Hakuna aliyekuwa amenionyesha inashikwa wapi.

Aliyenionyesha hakuwa na nia hiyo. Alikuwa dereva mzee, mtu wa Pangani, gari lake liko nyuma ya langu, anatafuta wa kucheza naye bao. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Unajua bao, mwanangu?" Nikasema najua, kwa sababu mtoto wa kiume wa pwani hasemi hajui bao. Alinifunga kabla chai haijapoa. Akaniangalia, akacheka kidogo, akasema, "Haya, sasa tuanze kujifunza."

Yeye alikuwa na ubao wa mninga nyuma ya kiti na komwe 64, ndizo kete zenyewe, kwenye kopo la maziwa ya unga. Safari aliyousahau ubao tulichimba mashimo 32 kwenye vumbi chini ya kivuli cha tela, safu nne za nane nane, kwa kisigino na mpini wa spana. Kwa hiyo kama unatafuta cha kujifunza na unasema huna vifaa, mimi hunipati.

Nieleze kidogo, maana bila hili sitaeleweka. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 zinabaki mkononi. Hatua hii ni namua, unaingiza kete moja moja hadi mkono uishe, kisha mnaingia mtaji, mnacheza na zilizomo ubaoni tu. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa.

Mgeni wa bao anapenda kusafiri na nyumba. Imejaa kete kumi na kitu, zinamwasha. Anazibeba zote anazisambaza, komwe zinalia ko-ko-ko, anajiona fundi. Zikiisha anakuta amezipanga mdomoni mwa mwenzake. Mimi nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Mzee hakunikataza. Alikuwa anakula tu, yaani anazichukua kete zangu.

Lakini kilichonishika ni sheria nyingine: ukiwa na pa kula, lazima ule. Huruhusiwi kuruka. Na mafundi wanaitumia hiyo. Mzee alikuwa ananiachia vijikete viwili upande wa kushoto, mimi nakula kwa furaha, na kula kwenyewe kunanivuta kete zangu mahali anapozitaka yeye. Zamu yake ikifika anakomba nusu ya ubao. Siku nilipolielewa hilo nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nawaza elfu arobaini na moja.

Nikamuuliza sasa nifanyeje, ikiwa kukataa siruhusiwi. Akasema hapo nimeshachelewa, kazi ilikuwa zamu tatu nyuma, kupanga mashimo yangu ili chambo kile kisiwe na njia ya kuniburuta.

Ndivyo nilivyoacha kubeti, na ndio ushauri pekee humu ninaoweza kuuapia. Sikuacha kwa kujizuia. Simu ikiwa mkononi, bando lipo, hela ipo, Jumamosi saa kumi na moja jioni, mimi sijizuii, najijua. Nilichofanya ni kufuta programu nikiwa nyumbani nimeshiba, na posho nikaomba mke wangu awe ananitumia kidogo kidogo kila kituo: Morogoro, Iringa, Mbeya. Aliona aibu kwa niaba yangu. Mimi nilishazoea aibu, nilikuwa nafungwa bao hadharani kila safari, utingo wangu akishuhudia.

Hilo la aibu nalo tulizungumze. Mtu mzima akianza kitu kipya anataka ajifunze kwa siri, atokee siku moja akiwa anajua. Haiwezekani kwenye bao, na nadhani kwenye mengi. Daftari langu la safari linaonyesha nilifungwa mara 37 kabla ya kushinda mara ya kwanza. Ningekuwa nahesabu ushindi ningeacha kwenye ya kumi. Bahati nzuri nilikuwa na kipimo kidogo zaidi: je, nimefungwa kete zikiwa bado mkononi, au nimefika mtaji? Siku niliyofika mtaji kwa mara ya kwanza nilifungwa vilevile, na nikalala kwenye kitanda cha kabini natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Mkeka haujawahi kunipa usingizi ule, hata ule uliotiki.

Kuna wanaoniambia nianze kucheza kwa hela, au nichonge mbao za bao niuze. Siku hizi mtu akisema ana anachokipenda, swali la pili ni kinaingiza ngapi. Wengine inawafaa. Mimi nilishaona nini kinanipata mchezo na hela vikikaa chumba kimoja. Na wale wanaosema bao ni la wasio na kazi, wazee wa kijiweni huwa na jibu moja tu: Mwalimu Nyerere alilicheza, na nchi aliiongoza.

Mwaka jana nikaongeza mzigo mwingine, Kifaransa. Kule Lubumbashi, Kongo, Kiswahili kinanitosha sokoni, kingawa chao kina mwendo wake, lakini makaratasi ni ya Kifaransa na nimechoka kuweka sahihi nisichokisoma. Nilianza kwa kusoma maneno kumi kila gari linaposimama, mengine nayarudia kwa sauti, utingo ananicheka. Kimeninyoosha. Naanza sentensi vizuri, katikati nakuta shimo tupu, nalala, kama kwenye bao zamu inapoishia hapo. Ila sijakasirika nacho hata siku moja, na zamani ningekitupa dirishani kufikia Mikumi.

Yule mzee ameshastaafu, yuko kwao Pangani. Tunacheza kwa simu. Kila mmoja ana ubao wake mezani, anayecheza anataja shimo na upande wa kuelekea, mwenzake anasambaza kwake kwa uaminifu. Mimi nikiwa njiani hali ya mashimo naiandika kwenye lile daftari, maana kabini haibebi kete zilizopangwa. Mchezo mmoja unaweza kuchukua wiki tatu. Huu wa sasa nimemwachia vijikete viwili upande wake wa kushoto tangu Jumanne, na zamu ni yake. Hajapiga.