Wimbi la Madumu: Tuliyojifunza Mtera

Nianze na mamba, maana ndiyo habari ya kwanza ninayoulizwa. Ndiyo, Bwawa la Mtera lina mamba, lina na viboko, na hapana, hatukuingia majini. Wimbi la kuteleza kwa ubao nyuma ya boti tulilitengenezea Mtera, kulipanda tukaenda kulipandia Dar. Na pasingekuwa na mamba, nadhani hadi leo tungekuwa na wimbi bovu, kwa sababu siku ya kwanza tu tungejirusha majini, tukaanguka, tukalaumu ubao.

Mimi ni fundi injini hapa Dodoma mjini. Kazi zangu nyingi ni jenereta, pampu za visima na pikipiki. Shemeji yangu ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya boti. Alinunua boti ya fiba ya mtumba, mita sita na nusu, akaivuta na trela hadi Mtera, kilomita mia na ushei kwa barabara ya Iringa, akitaka kutembeza wageni. Injini yake iko ndani, katikati, na rafadha, yaani pangaboi, imejificha chini ya tumbo la boti mbele ya usukani wa majini. Siku moja akanionyesha kwenye simu video ya watu wanateleza nyuma ya boti bila kushika kamba. "Fundi, hii yetu haiwezi?" Nikajibu itaweza, kwa ujinga wangu.

Mchezo wenyewe unaitwa wekisafingi. Unaanza umeshika kamba fupi, kama mita sita, boti inakunyanyua taratibu. Ukishasimama na wimbi likakubeba, unaiachia kamba na kubaki unasukumwa na maji tu, hatua chache nyuma ya shetri, yaani mwisho wa nyuma wa boti. Ni wimbi la boti hiyohiyo, linakwenda nayo mwendo mmoja, kwa hiyo likitengenezwa vizuri haliishi mpaka dereva aondoe gesi.

Kabla sijaendelea: kama boti yako ina mashine ya kupachika nyuma, makala hii isome kwa kujifurahisha tu. Usijaribu. Anayeteleza yuko karibu mno na shetri, na mashine ya kupachika inamwekea rafadha usoni. Akianguka mbele hakuna breki. Hata mwenye injini ya ndani asijione amemaliza, kwa sababu moshi wa eksozi kwenye mwendo mdogo huzunguka nyuma ya boti, na ndani yake mna hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Mtu asikae wala kuning'inia shetrini injini ikiwa inaunguruma. Anapopanda au kushuka, injini inazimwa. Siyo kuwekwa huru, inazimwa.

Sasa wimbi.

Mji wetu unasemekana kupata jina kwa neno la Kigogo, idodomya, kwamba imezama. Wazee wanasimulia tembo aliyekuja kunywa maji, akanasa kwenye tope na kudidimia. Nilipokuwa nahangaika na boti ile ndipo nilipomwelewa tembo yule. Boti tumezoea kuisifu ikipaa, tumbo liguse maji kidogo, mafuta yaende mbali. Boti ya wimbi ni kinyume. Unataka shetri idodome. Maji yanayosukumwa na tumbo la boti lazima yarudi kuziba shimo lililoachwa nyuma, na yanaporudi kwa nguvu ndipo yanapoinuka. Shimo likiwa kubwa, wimbi nalo linakuwa kubwa. Kwa hiyo unahitaji uzito, ule ambao mabaharia wa pwani wanauita farumi.

Boti za mchezo huu huwa na matangi ya maji na pampu. Sisi tulikuwa na madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, huhitaji mzani, na kila nyumba ya Dodoma inayo. Ila hatukuanza na madumu. Tulianza na mapipa mawili ya lita 200, kwa uvivu, tena tukayajaza nusu ili tuweze kuyasogeza. Yote mawili tukayaweka nyuma kushoto.

Waliowahi kuendesha boza la maji wanajua kilichofuata. Boza likijaa linatulia, likiwa tupu linatulia, likiwa nusu ndipo linapokutafutia kaburi kwenye kona. Shemeji alikata kona ya kawaida kabisa, maji ndani ya mapipa yakakimbilia upande mmoja, boti ikalala, ukingo wa kushoto ukateka maji. Tulizima, tukakaa kimya muda mrefu tukitazama vile visiki vya miti iliyokufa vilivyosimama bwawani toka lilipojazwa. Kesho yake tukaja na madumu 22, tumeyajaza mpaka mdomoni, tumekaza vifuniko na kuyafunga kwa kamba yasitembee. Uzito ukigawanywa vyombo vidogo vilivyojaa pomoni hauna pa kukimbilia.

Na uhesabu watu pia. Boti yetu ina kibati cha kiwandani kinachosema mwisho wake kilo 700, watu na mizigo pamoja. Madumu 22 ni kilo 440. Dereva, mtazamaji na mimi tulikuwa kama kilo 220. Tukaishia 660, na sikukubali hata dumu moja zaidi japo shemeji alilalamika. Wenye boti kubwa wanapakia zaidi ya tani na kupata wimbi la kiuno. Letu ni la magoti, na magoti yanatosha.

Pale ufukweni kulikuwa na mama mmoja anayenunua perege. Alituangalia tunajaza madumu bwawani, tunayapakia, tunazunguka saa nzima, tunarudi, tunayamwaga yote bwawani. Akauliza, "Wanangu, maji haya mmeyatembeza yamefanya kosa gani?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ila kuyamwaga palepale ni sahihi. Usihamishe maji ya farumi kutoka bwawa moja kwenda jingine, maana yanabeba mbegu za magugu na vijidudu visivyo vya huko.

Wimbi letu la kwanza lilikuwa povu tupu. Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu kwa kubadilisha mambo mawili kwa mpigo. Naongeza dumu, nabadili na kasi, kisha sijui kipi kimeleta nini. Fundi mzima ninayemkataza kijana wangu gereji kubadili plagi na kabureta pamoja! Nikanunua daftari. Toka siku hiyo, kitu kimoja kwa zamu, mizunguko miwili, moja kwenda na moja kurudi, ili upepo usitudanganye.

Kasi ndiyo iliyotupa jibu la haraka. Kipima mwendo cha boti kilikuwa kizee na kinaongopa, tukatumia GPS ya simu. Kwa kilomita 15 kwa saa wimbi lilikuwa fupi, wima, linajimwagia lenyewe povu kichwani. Kwa 20 likarefuka na kulala kama tuta lililosuguliwa na matairi. Katikati, 17 hadi 18, likawa na mteremko msafi unaong'aa. Tofauti ya kilomita moja inaonekana kwa macho. Dereva anayechezea gesi anaua wimbi, hata madumu yawe mia.

Kina kilitupotezea asubuhi nzima. Kila kitu kilikuwa kama jana, ila wimbi likavurugika, injini ikalemewa, na tope likafuka nyuma yetu. Nikakagua rafadha, nikahesabu madumu upya. Kumbe tulikuwa tumesogea kwenye maji machache. Mtera limejaa juu ya nchi tambarare, na maji yake hupanda na kushuka kadiri mto Ruaha Mkuu unavyoleta na mitambo ya umeme inavyotumia, kwa hiyo mahali palipokuwa na kina mwezi uliopita leo panaweza kuwa matope. Wimbi linalokwenda kilomita 17 kwa saa lina urefu wa mita kama 14 kutoka kilele hadi kilele, na miguu yake inashuka chini kuliko unavyodhani. Chini ya mita tatu usihangaike. Mita tano ni raha. Sisi tulipima kwa jiwe na kamba yenye mafundo, na wakati huohuo tukitafuta visiki vilivyojificha chini ya maji, ambavyo kwa boti ya fiba ni hatari kuliko mamba.

Upande nao una mantiki yake. Anayetanguliza mguu wa kushoto hupenda wimbi la kushoto mwa boti, maana kifua chake kinatazama mteremko. Anayetanguliza kulia, kulia. Njia ya kizamani ya kutengeneza upande mmoja ni kulaza boti upande huo kwa uzito. Tulifanya hivyo: madumu 14 nyuma kushoto, manne nyuma kulia, manne omo, yaani mbele ya boti. Inafanya kazi, lakini boti inakwenda imeinama kama mtu mwenye jino bovu, na dereva anapigana na usukani.

Njia nzuri zaidi niliielewa nilipoacha kutazama wimbi na kutazama maji yanavyokutana. Maji ya kulia na ya kushoto yanakimbilia katikati nyuma ya shetri. Yakifika pamoja yanagongana na kutoa povu pande zote. Ukiyachelewesha ya kulia kidogo tu, ya kushoto yanajikunja bila kugongwa, na wimbi la kushoto linasafika. Boti za kisasa zina mabati ya kufunguka kwa swichi kwa kazi hiyo. Mimi nilichukua kipande cha mbao ya mninga chenye umbo la kabari, nikakifunga vile vikombe vya mpira vya kunyonya ambavyo mafundi wa aluminiamu hubebea vioo, nikakibandika kwenye ubavu wa kulia, mwishoni kabisa karibu na shetri, nusu ndani ya maji. Kumbuka, kinakaa upande usioutelezea. Na kifungwe kamba ya akiba, fupi isiyofika kwenye rafadha. Changu cha kwanza kilibanduka, kikaelea kwenda zake, na shemeji akasema mamba ameshapata stuli.

Cha pili kilikaa. Kwa mara ya kwanza tuliweza kusawazisha madumu kushoto na kulia, boti ikakaa wima, na bado wimbi la kushoto likawa safi kuliko tulipoilaza.

Kilichobaki ni mbele na nyuma. Uzito ukienda nyuma, wimbi linakuwa refu kwenda juu lakini fupi kwenda nyuma, na ile sehemu inayokusukuma, ambayo sisi tunaiita kiti, inakuwa ndogo. Ukihamisha madumu mawili tu kutoka shetri kwenda omo, wimbi linapungua kimo kidogo na kiti kinarefuka. Wengi wanapenda kimo kwa sababu ya picha. Kwa anayejifunza mimi nachagua kiti kirefu, bila kusita.

Mtauliza tulijuaje kiti kipo kama hakuna aliyeingia majini. Tulifunga dumu la lita tano, lenye maji, juu ya ubao, tukauvuta kwa kamba nyembamba. Mara nyingi ulipinduka. Lakini siku wimbi lilipokaa sawa, ubao ulitulia sekunde nne au tano na kamba ikalegea. Kamba inayolegea maana yake ubao hauvutwi na boti tena. Tulipiga kelele hadi mzee mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi akatusogelea.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo. Tukamwamkia shikamoo. Akatuambia kwa upole kwamba furaha yetu inamtikisia mtumbwi na kumvurugia nyavu. Alikuwa sahihi, na nilipaswa kuliona mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipima mawimbi ya boti za aina hii na kutoa ripoti mwaka 2022: wakapendekeza zikae zaidi ya mita 150 kutoka ufukweni. Na huko hawana mitumbwi ya kuchonga. Sisi tukahamia mbali na nyavu, tukiuliza kwanza wavuvi wametega wapi.

Dar tulikwenda Machi, wakati wa maleleji, bahari ikiwa kama sinia alfajiri. Nikavaa jaketi la kuokolea, nikaanguka mara kumi na moja. Boti ilikuwa na nguvu zaidi kidogo kuliko Mtera, maana bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na injini huko inapumua hewa nyepesi. Mara ya kumi na mbili kamba ililegea mkononi mwangu, kama ilivyolegea kwa lile dumu la lita tano, na nikaiachia.

Ndani ya kifuniko cha sanduku la dereva shemeji ameandika kwa kalamu ya wino mzito: "Kushoto. Kilo 440: nyuma kushoto madumu 8, nyuma kulia 8, omo 6. Kabari kulia. 17.5. Kina mita 4 na zaidi. Dereva usiguse gesi." Boti yako ikikaribia ukubwa wa yetu, anzia hapo, kisha hamisha madumu mawili mawili.