Maswali ya Wasomaji: Mihimili Mitatu na Moto wa Kiangazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huitaja mihimili mitatu ya dola, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, bila kukosea, lakini nikiwauliza kwa nini mamlaka yote hayakuwekwa katika chombo kimoja, darasa zima hunyamaza. Juma lililopita mmoja wao aliuliza: ikiwa Waziri ni Mbunge pia, mgawanyo wa madaraka uko wapi? Nifundisheje?

JIBU: Mwalimu, huyo aliyeuliza kuhusu Waziri yuko mbele ya wenzake wote, na nitarudi kwake. Kuhusu ukimya wa darasa, nadhani unatokana na kuanzia somo Dodoma, kwenye majengo ambayo wengi wao hawajayaona. Anzia kwenye moto. Watoto wa Mufindi wanajua kiangazi kinavyokuwa mtu anapochoma shamba lake na upepo ukauchukua moto hadi kwenye misindano ya jirani, na miaka kadhaa ya jasho ikateketea kwa mchana mmoja.

Waeleze kwamba halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo, kwamba mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, huijadili, na kwamba haitumiki mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Kisha ligawe darasa: kundi moja litunge kanuni ya kuchoma mashamba, la pili lisimamie utekelezaji, la tatu lisikilize shauri la mtu anayedaiwa kuivunja. Siku inayofuata lipe kundi moja kazi zote tatu, na wajumbe wake wawe ndio walewale walioteketezewa miti. Muulize anayeigiza mtuhumiwa ni siku ipi angependa kushtakiwa. Hapo ndipo uwasomee Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, na Ibara ya 107A, inayoipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Nasema uwasomee, na usome kwa Kiswahili. Najua somo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini Katiba ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na inaniuma kuona mtoto akikariri maneno ya kigeni juu ya jambo ambalo sheria mama ya nchi yake inalieleza kwa lugha anayoiota usiku. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Akilielewa hilo kwanza, istilahi za mtihani zitapata pa kushika.

Tahadhari moja: usikilazimishe kijiji kifanane na taifa. Halmashauri ya kijiji hupendekeza kanuni na pia huzitekeleza, na shauri likifika mahakamani huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambayo si chombo cha kijiji.

Sasa Waziri. Mjibu mwanafunzi wako kwa ukweli: Katiba yenyewe, katika Ibara ya 55, inaagiza Mawaziri wateuliwe miongoni mwa Wabunge, na Ibara ya 62 inamfanya Rais kuwa sehemu mojawapo ya Bunge. Uingereza nayo huchukua Mawaziri wake kutoka Bungeni, ilhali Marekani Waziri hawezi kubaki Mbunge. Kwetu, basi, mgawanyo si wa watu kutengana kabisa, bali wa kila chombo kuwa na jambo ambalo kingine hakiwezi kulimaliza peke yake: muswada uliopitishwa na Bunge hauwi sheria bila kibali cha Rais, na Bunge kwa upande wake linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kama hilo linatosha ni swali halali kabisa. Lipe kipindi kizima cha mdahalo, na usiwape jibu lako kabla hawajatoa yao.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Uyole, Mbeya. Mwanangu ameniuliza tofauti ya mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji wa mtaa, nikashindwa kumjibu.

JIBU: Mama, mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, kama mlivyofanya mwezi Novemba 2024, afisa mtendaji ni mtumishi aliyeajiriwa. Wa kwanza mnaweza kumnyima kura uchaguzi ujao, wa pili anawajibika kwa mwajiri wake, na malalamiko dhidi yake hupelekwa huko. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda na mwanao. Kura hana bado, lakini atawaona wote wawili wakiulizwa maswali.