Kwa nini rais awaombe wabunge?

Kaka, umeuliza kwa nini rais mwenye jeshi mkononi awabembeleze wabunge ndipo akae mezani na adui. Kusaini mkataba wa amani ni kazi ya siku moja. Msamaha kwa wapiganaji, fedha, sheria mpya, vyote hivyo vinapita bungeni, na adui naye anataka kujua mkataba hautafutwa na rais ajaye.

Angalia Colombia. Rais Santos alizungumza na waasi wa FARC kule Havana, Cuba, kuanzia 2012, akapeleka makubaliano kwenye kura ya maoni Oktoba 2, 2016, wananchi wakayakataa kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Wakarekebisha, wakasaini upya, safari hii akakwepa kura ya maoni (ujanja, lakini halali) akaenda bungeni. Seneti ikapitisha Novemba 29, baraza la wawakilishi kesho yake. Watu wa Uribe, rais wa zamani aliyepinga makubaliano, walitoka ukumbini. Sheria ya msamaha ikafuata Desemba hiyohiyo.

Kwetu Tanzania? Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza vita, ila nakala inaenda kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa lijadili kama liunge mkono. Mikataba inayohitaji kuridhiwa nayo inaletwa hapahapa Dodoma, ibara ya 63. Ukipita stendi wakati wa kikao utasikia bodaboda wanabishania bajeti tu. Maazimio ya kuridhia mikataba yanapita kimyakimya, hakuna anayepandisha sauti ya redio.