Ukitaka kununua reale ya Sham, anza na ukingo

Wewe unayeanza kukusanya sarafu za zamani, haitapita muda mrefu utauziwa reale ya Sham: lile pande la fedha lenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Pwani yetu ilifanya biashara kwa sarafu hii karne ya 19, na Oman, Yemeni na Uhabeshi vilevile, kwa hiyo bado zinatoka kwenye masanduku ya mabibi. Za bandia nazo zinatoka, na si chache.

Kuna jambo moja linalowakwaza karibu wote. Mwaka ulioandikwa si mwaka wa kutengenezwa. Malkia alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Mashariki walishaizoea sura yake na hawakutaka nyingine, basi Austria ikaendelea kuipiga chapa kwa mwaka uleule. Mwaka 1935 serikali ya Mussolini ikapata haki ya kuipiga, kazi ikahamia Roma. London, Paris, Brussels na Bombay nazo zikapiga za kwao, baadaye Birmingham. Vienna inaipiga hadi leo. Zote hizo ni nakala, na zote ni za kweli kwa maana ya uzito na fedha iliyomo. Ya bandia ni ile aliyoisubu mtu uani kwake, yaani aliyeyusha madini duni akayamimina. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina miaka mia mbili", muulize umri ameujuaje. Mimi nalipia fedha iliyomo na kidogo juu yake. Pesa ya umri siilipi mpaka mjuzi wa mihuri ya kupigia sarafu aitazame.

Sasa ishike kwa vidole viwili, uso wake uuache, tazama ukingo. Ukingo wa reale ya kweli umezungukwa na maandishi ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, pamoja na mapambo katikati ya maneno. Anayesubu kwa kalibu ya vipande viwili hushindwa hapa: utaona mstari mwembamba ukizunguka mahali vipande vilipokutana, au alama za tupa alipojaribu kuuondoa, au herufi zilizolegea kama zimeandikwa kwenye sabuni. Ukitumiwa picha kwa simu, omba ya ukingo kabla ya kuzungumza bei. Asiyetaka kuituma, achana naye.

Baada ya ukingo, rudi usoni ukiwa na lenzi. Lulu za kwenye pini ya begani ziwe zimetengana, kila moja na duara lake. Chini ya kifua pana herufi S.F., na nyuma, baada ya mwaka, pana alama kama X. Vitundu vidogo vya hewa kwenye sehemu tambarare ni dalili mbaya sana.

Uzito ni gramu 28.07, upana karibu milimita 40, na katika kila sehemu 1000 za madini, 833 ni fedha. Iliyotumika sana hupungua kidogo, usiitupe kwa hilo. Lakini mizani peke yake itakudanganya, kama ilivyonidanganya mimi mwaka wangu wa kwanza. Nilinunua sita kwa mtu mmoja, zote zikasoma 28 na ushei, nikafurahi. Mzee sonara aliyenifundisha kazi hakusema neno, akaagiza kikombe cha maji.

Fanya hivi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya kielektroniki, uirudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale nzima husoma karibu gramu 2.75, na ukigawa uzito wake kwa namba hiyo unapata 10.2 hivi, yaani ni nzito kuliko maji mara kumi na ushei. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, hata ukiwa na uzito uleule, kwenye maji utasoma zaidi ya gramu 3.1. Mbili katika zile sita zangu zilipita hapo. Sumaku niliijaribu pia, haikuzivuta hata moja, maana shaba haivutwi. Usitegemee sumaku.

Angalizo kuhusu zilizovaliwa. Nyingi zilitobolewa au kuchomelewa kipete cha kutungia zikatiwa kwenye mikufu, na risasi ya kuchomelea huharibu hesabu ya uzito na ya maji. Hiyo si bandia. Bei yake kwa mkusanyaji hushuka, ila mimi huzipenda, na ukingo wake hukaguliwa vilevile.

Zile mbili sikuziuza. Ziko kwenye droo yangu pamoja na moja nzuri, na kila kijana anayekuja kujifunza mimi humpa zote tatu pamoja na lenzi, kisha naenda kuchemsha maji ya chai.