Rangi ya video ya Feri: anza na ngozi
Kaka, kati ya buluu-na-chungwa na ile rangi iliyopauka ya picha za zamani, kwa video yako ya soko la samaki Feri mimi ningechukua iliyopauka, tena kidogo tu. Buluu-na-chungwa huvuta vivuli kwenye buluu yenye ukijani, na jua la saa sita limeshawaachia wauzaji kivuli chini ya macho. Wataonekana kama wanaumwa. Kabla ya filta yoyote, sawazisha weupe (kilicho cheupe kionekane cheupe kweli) na mwanga, klipu moja moja. Halafu weka filta ya rangi iliyopauka na ushushe nguvu yake hadi asilimia 40 hivi, huku ukitazama shavu la yule mama mwenye kanga nyekundu. Ngozi yake ikigeuka kijivu, punguza tena. Na uikague kwenye simu, nje juani, maana wengi wataitazama wakiwa kwenye daladala.